Mlango wa Bweni Ufungukie Nje

Kila mwanzo wa muhula stendi ya magari ya Kitale hujaa masanduku ya bati. Watoto waliovaa sare za rangi mbalimbali hukaa juu ya masanduku yao wakingoja gari la kwenda Kimilili, Webuye, Chwele au Bungoma, na wenzao watokao Bungoma hushuka papo hapo wakielekea shule za Endebess, Kwanza na Cherangani. Juu ya magari huonekana magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba. Kando ya mtoto husimama mzazi, naye huhesabu vitu kwa vidole: sabuni ipo, madaftari yapo, blanketi ipo, karo imelipwa na risiti iko mfukoni. Akiisha kuhesabu yote hayo humpa mwanawe mkono, humwambia asome kwa bidii, kisha hurudi shambani au afisini kwa moyo mtulivu.

Liko jambo moja ambalo ni nadra mzazi kulihesabu. Haulizi mtoto atalala mahali gani. Na akiuliza, huuliza kama kuna kitanda, wala haulizi kama kuna mlango. Habari ya juma hili ni juu ya mlango huo.

MISIBA ILIYOKWISHA ONEKANA

Mwezi wa Machi 1998 bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, katika wilaya ya Kwale huko pwani, liliungua usiku, na wasichana zaidi ya ishirini wakafa. Miaka mitatu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilitiwa moto kwa petroli. Bweni lile lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 walikufa. Tarehe 2 Septemba 2017, kabla ya kupambazuka, moto uliwaka katika shule ya wasichana ya Moi mjini Nairobi, na wasichana 10 wakapoteza maisha. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha katika Nyeri, ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao na ndani yake wamelala watoto zaidi ya 150, liliteketea. Wavulana 21 walikufa, wengi wao wakiwa wangali wadogo sana. Miili mingi haikuweza kutambulika kwa macho, ikabidi wazazi wapimwe ili walinganishwe na watoto wao.

Nyeri, Machakos, Kwale na Nairobi ziko mbali na Mlima Elgon. Kwa sababu hiyo mtu wa Bungoma au wa Trans Nzoia aweza kusoma habari hizi kama asomavyo habari za nchi nyingine, akasikitika, akageuza ukurasa. Lakini mabweni ya huku hayakujengwa kwa matofali ya namna nyingine, wala kufuli za huku hazifunguki zenyewe. Moto ukiwaka usiku katika shule iliyo nyuma ya Kapsokwony au ng'ambo ya Endebess, gari la kuzimia moto hutoka mjini, nalo lina mwendo wa kilometa nyingi, na mvua za masika zikiwa zimenyesha, barabara ya udongo huwa imekwisha kuwa matope. Gari hilo likifika, litakuta lililobaki. Kwa hiyo uhai wa mtoto hautegemei gari la moto. Hutegemea dakika chache za kwanza, na katika dakika hizo mtoto ana miguu yake na mlango tu.

MOTO HUUA KWA NJIA GANI

Watu wengi hudhani kwamba moto huua kwa kuchoma. Mara nyingi moshi hutangulia. Zamani godoro lilijazwa pamba, sufi au majani makavu. Likishika moto lilifuka polepole, na harufu yake ilimwamsha mtu. Godoro la siku hizi ni la sponji, nayo sponji hutengenezwa kwa vitu vitokanavyo na mafuta ya petroli. Likishika moto huwaka upesi sana na kudondosha matone yenye moto, na moshi wake mweusi huwa na hewa za sumu. Mojawapo ni ile isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwaua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, jambo ambalo watu wa nchi za baridi kama Kitale hawahitaji kuelezwa. Mtu akiivuta hewa hiyo kwa muda mfupi hulegea, akili humpotea, na hata akiwa karibu na mlango huenda asiuone.

Moshi hupanda juu kwanza. Mtoto alalaye kitanda cha juu huupata kabla ya mwenziwe wa chini, na palipo na vitanda vya ghorofa tatu, yule wa juu kabisa yuko karibu na dari ambako moshi hujikusanya. Ndiyo sababu watoto hufundishwa kwamba wakiona moshi wasisimame wima, bali wainame au watambae, kwa kuwa hewa njema hubaki karibu na sakafu.

Yafaa pia kueleza kwa nini mlango ufungukie nje. Mlango ufungukao kwa ndani hutaka nafasi ya kurudi nyuma. Watoto wa kwanza wakiufikia, walio nyuma yao huwasukuma, na uzito wa wote huubana mlango ule ule. Hapo hapahitaji kufuli, maana watoto wenyewe wamekwisha kuwa kufuli. Mlango ufungukao kwa nje husaidiwa na msukumo ule ule ambao ungewaua.

Wala si lazima uwepo moto ndipo watoto waumizane. Tarehe 3 Februari 2020, katika shule ya msingi ya Kakamega, ambayo si mbali na Bungoma, watoto wapatao 14 walikufa kwa kukanyagana ngazini walipokuwa wakitoka madarasani jioni. Hapakuwa na mwali wala moshi. Palikuwa na watoto wengi na ngazi, basi.

KANUNI ZIPO

Asiseme mtu kwamba mambo haya hayajulikani. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa kitabu cha kanuni za usalama katika shule za Kenya, na maneno yake ni dhahiri. Bweni liwe na mlango kila upande wa mwisho, na mlango mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana usiopungua futi tano, nayo ifungukie nje. Isifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma, nayo yafunguke kwa urahisi. Kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua meta 1.2, na njia ya kupitia bwenini isiwe chini ya meta 2. Watoto wawili wasilale kitanda kimoja. Viwepo vyombo vya kuzimia moto karibu na milango, na majina ya watoto yaitwe kila siku.

Baada ya msiba wa Endarasha wakaguzi walipita shuleni, na mwezi wa Novemba 2024 Serikali ikatangaza kuzifunga sehemu za malazi za shule 348 ambazo hazikutimiza kanuni. Hilo lilikuwa jambo jema, ingawa lilikuja watoto wakiwa wamekwisha zikwa. Hata hivyo mkaguzi hufika mara moja, akaandika, akaondoka. Mzazi hufika kila muhula, naye ana macho. Meta moja na sehemu mbili si jambo la mafundi. Ni hatua moja ndefu ya mtu mzima. Futi tano ni zaidi kidogo ya urefu wa jembe pamoja na mpini wake. Mkulima apimaye mistari ya mahindi kwa kamba na kijiti hashindwi kupima njia ya bweni.

VYUMA VYA DIRISHANI

Kama kanuni zipo, kwa nini vyuma vingali madirishani? Mwalimu mkuu aulizwapo hujibu kwa maneno ambayo si ya kudharauliwa. Husema kwamba wezi huingia usiku wakaiba magodoro, blanketi na masanduku, na mzazi wa mtoto aliyeibiwa huja kesho yake kumlaumu. Katika shule za wasichana huongeza neno jingine: kwamba mlango usipofungwa, vijana wa nje wataingia au wasichana watatoka, na lawama ya jambo hilo ni nzito kuliko ile ya godoro. Basi hufunga mlango, hutia ufunguo mfukoni, hulala akijua ya kuwa amewalinda watoto wa watu.

Hofu hizo ni za kweli, lakini dawa yake si hiyo. Godoro lililoibwa hununuliwa jingine. Na heshima ya binti hulindwa na mtu aliye macho: matroni alalaye chumba cha pili, mlinzi azungukaye, taa iwakayo nje, na ua lililo imara. Komeo la ndani lifungukalo bila ufunguo humzuia mgeni wa nje sawasawa na kufuli, wala halimzuii mtoto kutoka. Kufuli ni mlinzi wa bei rahisi ambaye hajui tofauti ya mwizi na moto. Shule inayosema haina fedha za kuajiri mlinzi wa pili, lakini ina fedha za vyuma, haijafanya hesabu yake vizuri.

Lakini haifai lawama yote kumwangukia mwalimu. Tangu mwaka 2018, Serikali ilipoazimia kwamba kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari, shule nyingi zilipokea watoto kuliko vitanda. Azimio lenyewe lilikuwa zuri, maana watoto wengi wa maskini waliipata nafasi ambayo baba zao hawakuipata. Lakini bweni halipanuki kwa tangazo. Na wapo wazazi ambao, wakiambiwa kwamba shule yenye jina imejaa, humwendea mwalimu mkuu kwa siri wakamsihi: "Mwalimu, mchukue tu, hata akilala chini." Akichukuliwa hushukuru Mungu. Mzazi wa namna hiyo amenunua nafasi ya mtoto wake kwa kuziba njia ya mtoto wa mwingine, na ya wake pia.

MKULIMA NA SHEMEJI YAKE

Mfano huu utalifafanua jambo lenyewe. Mkulima mmoja wa upande wa Kiminini ana binti katika shule ya bweni katika nchi ya Bungoma. Siku ya kutembelea watoto aliondoka mapema na mkewe, wamebeba kuku, chapati na chupa ya chai, wakampitia shemeji yake, karani wa afisi moja mjini Bungoma. Walipofika shuleni mkulima aliyasifu maua na nyasi zilizokatwa vizuri. Alilisifu basi jipya lililoegeshwa mbele ya afisi, lenye jina la shule ubavuni. Baada ya kula, binti akawaonyesha bweni lake kwa nje.

Karani aliyatazama madirisha yenye vyuma, kisha akamwuliza matroni kwa adabu, "Mama, shikamoo. Usiku ufunguo wa mlango huu hukaa kwa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hukaa kwa mwalimu wa zamu," akajibu matroni. "Nyumba yake ni ile ng'ambo ya uwanja."

Karani hakusema neno. Akaenda kwa miguu kutoka mlangoni hadi nyumba ile, akihesabu hatua, akarudi. Zilikuwa hatua 230. "Kwenda na kurudi ni 460, shemeji," akasema, "na hapo mwalimu awe amekwisha amka, amekwisha vaa viatu, na ameuona ufunguo gizani."

Mkulima akakaa kimya kidogo. "Zizi la ng'ombe wangu halina kufuli," akasema mwishoni. "Lina mti mmoja wa kupitisha. Mtoto wangu wa miaka sita aweza kuuondoa. Nalijengea hivyo kwa kuwa jirani yangu aliunguliwa na zizi, ng'ombe wanne wakafa wakiwa wamefungwa."

Wakamwendea mwalimu mkuu. Mama huyo aliwapokea vizuri, akawasikiliza mpaka mwisho, wala hakukasirika. "Mzee," akamwambia mkulima, "neno lako ni la haki, nami nalijua. Bweni lile lina mlango mmoja kwa sababu lilikuwa ghala kabla halijawa bweni. Mwaka jana katika mkutano mkuu wa wazazi niliweka mbele yenu mashauri mawili: kutoboa mlango wa pili na wa tatu, au kununua basi. Fedha zilitosha jambo moja. Wazazi walipiga kura kwa mikono."

Mkulima aliikumbuka siku ile. Aliinua mkono wake kwa basi, na mkewe pia aliinua. Watoto wa shule ya jirani walikuwa na basi, nao wa shule hii walikwenda michezoni kwa lori, na hilo lilionekana kuwa aibu.

Njiani kurudi hawakuzungumza sana. Karibu na stendi karani akasema kwamba mlango wa pili hauhitaji kungoja mkutano mkuu, maana fundi mmoja mwenye mashine ya kukatia chuma aweza kuondoa vyuma vya madirisha yote kwa siku moja, na ufunguo aweza kupewa matroni usiku huu huu bila senti moja. Mkulima akajibu kwamba atarudi Jumatatu, na kwamba safari hii hatakuja na kuku.

DAFTARI LA MAJINA

Katika jambo hili karani ana kazi yake kama mkulima alivyo na yake. Kesho yake baada ya moto wa Endarasha ilitangazwa kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo. Nchi nzima ilishikwa na hofu. Baadaye ilionekana kwamba wengi wao walikuwa hai. Wengine wamechukuliwa na wazazi wao usiku ule ule, wengine wamepewa hifadhi na majirani wema. Lakini kwa muda huo mzazi hakujua kama mwanawe amo majivuni au amelala katika nyumba ya mtu.

Shida hiyo hupungua kwa daftari. Kila jioni majina yaitwe bwenini na yaandikwe: aliyepo, aliyekwenda nyumbani, aliye mgonjwa katika chumba cha wagonjwa. Nakala moja isikae bwenini, maana bweni likiungua daftari nalo huungua. Mahali pa kukusanyikia pajulikane, kwa mfano chini ya mti fulani au penye mlingoti wa bendera, na mtoto asichukuliwe na mtu yeyote, hata mzazi wake, kabla jina halijatiwa alama. Wale wanaotunza majalada ya serikali au vitabu vya chama cha ushirika wanajua kwamba kazi hii si ngumu. Hutaka mtu asiyechoka kuirudia kila siku.

WATOTO WENYEWE

Yako maneno machungu ambayo hayafai kufichwa. Mara nyingi moto wa shule huwashwa na wanafunzi. Ndivyo ilivyokuwa Kyanguli, ambako petroli ilimwagwa. Katika mwaka 2016, kati ya Mei na Agosti, shule zaidi ya 100 nchini ziliharibiwa kwa moto. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: hofu ya mitihani, chakula kibaya, ukali wa wakubwa, kufuata wenzao wa shule nyingine.

Kuchoma bweni ni uovu mkubwa, na mtoto na aelezwe hivyo na baba yake kabla hajaelezwa na hakimu. Aelezwe kwamba hakuna mtu awezaye kuwasha moto mdogo katika nyumba yenye magodoro mia. Waliowasha wakidhani wataunguza mbao tu waliamka asubuhi wakiwa wameua rafiki zao.

Lakini mzazi na mwalimu nao wana swali la kujibu. Mtoto alilalamika kwa nani kabla hajanunua kiberiti? Fimbo ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mtoto na kumtesa moyo. Sheria iyo hiyo imempa mwakilishi wa baraza la wanafunzi mahali katika halmashauri ya shule. Katika shule nyingine kiti hicho ni cha jina tu. Kijana huitwa kutoa sala ya kufungua mkutano, kisha hutolewa nje. Yafaa asikilizwe. Mara nyingi watoto hujua wiki nzima kabla kwamba kuna jambo linapikwa, na yule anayejua husema kama amewahi kusema neno dogo likasikilizwa, wala jina lake halikutangazwa mbele ya wenzake.

FUNZO LA CHICAGO

Ubaya huu si wa Kenya peke yake. Tarehe 1 Desemba 1958 katika mji wa Chicago, Marekani, shule iliyoitwa Our Lady of the Angels iliungua mchana, na wanafunzi 92 pamoja na masista 3 waliokuwa wakiwafundisha wakafa. Nchi ile ilikuwa tajiri, na mji ule ulikuwa na magari mengi ya kuzimia moto yaliyofika kwa dakika chache. Lakini ngazi za shule zilikuwa wazi, moshi ukapanda kwa ngazi hizo kama kwa bomba, na watoto wa ghorofa ya juu wakakosa njia. Kengele ilichelewa kupigwa.

Watu wa Marekani walilia, kisha wakabadilisha majengo yao. Walitia milango ya kuzuia moshi ngaziniani mwa shule, kengele zilizounganishwa na vituo vya moto, na mabomba ya maji darini. Na watoto wakazoezwa kutoka darasani mara kwa mara, hata walipokuwa wadogo wasiojua sababu. Tangu mwaka ule hapajatokea huko moto wa shule ulioua watoto wengi kiasi kile. Msiba mmoja uliwatosha. Kenya imekwisha ona Bombolulu, Kyanguli, Moi na Endarasha, na kanuni za mwaka 2008 zingali zikisomwa kama kitabu cha hadithi katika shule nyingi.

YA KUFANYA MUHULA HUU

Katika halmashauri ya kila shule ya serikali mna watu sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi. Hao si wageni wa heshima. Wana haki ya kuuliza na kujibiwa. Mzazi na awajue kwa majina. Siku ya kutembelea watoto, baada ya chai, na aombe ruhusa ya kuliona bweni, tena aende na wazazi wenzake wawili watatu, maana sauti ya mmoja huitwa ugomvi na sauti ya wengi huitwa shauri.

Na atazame mambo haya. Milango ni mingapi, na je, inafungukia nje? Usiku ufunguo uko kwa nani, naye analala wapi? Madirisha yana vyuma? Mtu mzima aweza kupita kati ya kitanda na kitanda bila kujipinda? Vyombo vya kuzimia moto vipo, na yuko mtu anayejua kuvitumia, au vimetundikwa kwa ajili ya mkaguzi? Nyaya za umeme zimefungwa vizuri, au watoto wamejiungia wenyewe waya za kuwasha redio na kuchaji simu? Mara ya mwisho watoto kuzoezwa kutoka usiku ilikuwa lini? Jibu la swali hili la mwisho lisitafutwe afisini. Aulizwe mtoto aliyeingia shuleni karibuni. Akisema hajawahi kuamshwa, basi hakuna zoezi, hata kama limeandikwa katika kitabu.

Kisha mzazi na amfundishe mwanawe mwenyewe, kama amfundishavyo kuvuka barabara ya Webuye. Siku ya kwanza bwenini ahesabu vitanda kutoka chake hadi mlango wa karibu, na hadi mlango wa pili, ili gizani ahesabu kwa mkono. Akiona moshi apige kelele, awaamshe wa jirani, ainame, atoke, wala asirudi kwa ajili ya sanduku. Akiwa nje aende penye mahali pa kukusanyikia, akae hapo mpaka jina lake liitwe, asikimbilie nyumbani kwa hofu.

Mambo mengi kati ya haya hayagharimu kitu. Kumpa matroni ufunguo hakuna gharama. Kuita majina hakuna gharama. Kuondoa kitanda kimoja kilichoziba njia ni kazi ya vijana wanne kwa nusu saa. Milango mipya yataka fedha, ni kweli, na bei ya gunia la mahindi huwavunja wakulima moyo mara nyingi. Lakini wazazi walewale wameonekana kuchanga kwa basi, kwa lango lenye nguzo za matofali, na kwa karamu ya kumuaga mwalimu. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili kazi ni kuutoboa ukuta mapema, ili pasije pakatobolewa kaburi.

Muhula ujao masanduku ya bati yatakuwapo tena katika stendi ya Kitale, na magodoro yatafungwa tena juu ya magari ya Bungoma. Mzazi akiisha kuhesabu sabuni, madaftari na blanketi, na ahesabu pia milango.